Mtafuteni Karani

Wanangu, nina neno nanyi kuhusu Hitler, na nitalisema bila kuzunguka. Vijiweni, kwenye daladala na kwenye magrupu ya WhatsApp nawasikia vijana wenye akili timamu wakisema nchi zetu zinahitaji mtu kama yule, mkali, asiyecheka na wezi. Wapo wanaomsifu kwa sababu alipigana na Mwingereza, na Mwingereza ndiye aliyetutawala. Wapo wanaosema Wayahudi milioni 6 waliouawa ni hesabu ya kutunga. Na wengi zaidi husema tu: hayo ni ya Wazungu wao kwa wao, sisi yanatuhusu nini?

Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo najua mtoto anafikaje hapo. Darasani Unazi unapita kama mojawapo ya sababu za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwanafunzi anakariri Mkataba wa Versailles, anguko la uchumi la 1929, udhaifu wa Shirikisho la Mataifa, kupanda kwa Hitler. Mauaji ya kimbari dhidi ya Wayahudi yanapewa sentensi moja kwenye madhara ya vita, katikati ya miji iliyobomolewa na kuundwa kwa Umoja wa Mataifa. Mtihani unapita, na kijana anabaki na jina la mtu mmoja na tarakimu moja. Kwa mzigo mwepesi hivyo, klipu ya dakika mbili inamtosha kumgeuza.

Onyo langu ni hili. Ukiisoma historia hii kwa kumtafuta Hitler peke yake, utapata zimwi, na zimwi halimfundishi mtu kitu, maana hakuna anayejiona kuwa zimwi. Mtafuteni karani. Mtafuteni aliyepiga muhuri, aliyepanga ratiba ya treni, aliyenunua kabati la jirani yake mnadani. Hitler hakugonga mlango wa Myahudi hata mmoja. Waliogonga walikuwa watu wenye mshahara, mke, watoto wanaosoma na likizo ya mwaka.

Anzeni na mwaka 1933, msikimbilie vyumba vya gesi. Hitler aliteuliwa kuwa kansela tarehe 30 Januari. Tarehe 1 Aprili wanamgambo wake wakasimama mbele ya maduka ya Wayahudi kuwazuia wateja wasiingie. Tarehe 7 ikatoka sheria ya utumishi wa umma ya kuwafukuza kazi walimu, mahakimu na maofisa wenye asili ya Kiyahudi. Sasa jiulizeni, ofisi itamjuaje mwenye asili hiyo? Ikabidi watu wajaze fomu za dini ya babu na bibi zao. Parokia zikaanza kupokea maombi ya vyeti vya ubatizo vya watu waliokwisha kuzikwa miaka mingi. Mchungaji aliyefungua rejista na kunakili cheti hakumuua mtu. Alifanya kazi yake ya ofisini, akafunga kitabu, akaenda kula.

Septemba 1935 zikatangazwa sheria za Nuremberg: Myahudi si raia kamili, wala haruhusiwi kuoana na Mjerumani wa “damu safi”. Agosti 1938 ikaamriwa kwamba Myahudi ambaye jina lake halimtambulishi aongezewe jina la pili, Israel kwa mwanamume na Sara kwa mwanamke. Oktoba mwaka huohuo pasi zao za kusafiria zikapigwa herufi J. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba masinagogi yakachomwa nchi nzima, maduka yakavunjwa, wanaume wapatao 30,000 wakapelekwa kambini. Kisha jumuiya ya Wayahudi ikatozwa faini ya marki bilioni 1, kana kwamba wao ndio waliochoma. Mei 1939 ikafanyika sensa, na kila kaya ikajaza kadi ya ziada inayouliza kama babu na bibi, mmoja mmoja, walikuwa Wayahudi. Wakati huo hakuna reli iliyoingia Birkenau, wala hakuna kambi ya mauaji iliyoitwa Treblinka. Zilikuwepo kalamu, bahasha na makabati ya mafaili.

Ipo karatasi moja ambayo nataka mkae nayo. Kuanzia Oktoba 1941 Wayahudi wa Berlin walipoanza kupelekwa mashariki kwa treni, kila mmoja alipewa kwanza fomu ya tamko la mali. Ilikuwa na kurasa 16. Unaandika viti vingapi, meza ngapi, mashuka mangapi, mashati, soksi, vijiko, picha za ukutani. Unaandika akaunti ya benki na deni la gesi ya kupikia. Unatia sahihi. Kisha unakabidhi ufunguo, mlango unatiwa lakiri, anakuja mthamini kuhakiki orodha yako. Novemba 25 mwaka huo ikatoka kanuni kwamba Myahudi akishavuka mpaka wa Ujerumani anapoteza uraia, na mali yake inakuwa ya serikali, bila kesi wala hukumu. Mpaka wenyewe alivushwa kwa nguvu. Nyumba ikabaki, ofisi ya kodi ikapiga mnada, majirani wakaja na mikokoteni. Huko Hamburg vyombo vya Wayahudi wa Ujerumani, pamoja na vya wale wa Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa vilivyoletwa kwa shehena, viliuzwa hadharani kwa watu wa kawaida, na wanunuzi walijua vimetoka wapi.

Na treni? Shirika la reli la Ujerumani liliwatoza SS, kikosi cha Wanazi, nauli ya daraja la tatu kwa kila kichwa, kwa kilomita. Mtoto wa chini ya miaka 10 nusu nauli, wa chini ya miaka 4 bure. Wakifika 400 kuna punguzo la kundi. Kwa walinzi ililipwa nauli ya kwenda na kurudi. Kwa abiria, ya kwenda tu. Kuna mtu aliyekokotoa hesabu hizo, akaandika ankara, akaifuatilia mpaka ikalipwa. Baada ya vita wafanyakazi wengi wa reli walirudi kazini kwao na wakastaafu na pensheni zao.

Nikisema karani, msidhani namaanisha mtu asiyesoma. Tarehe 20 Januari 1942, katika jumba la kifahari kando ya ziwa Wannsee, Berlin, walikutana maofisa 15 kupanga ushirikiano wa wizara zao katika kile walichokiita “suluhisho la mwisho”. Nane kati yao walikuwa na shahada ya udaktari. Walipewa jedwali la Wayahudi wa Ulaya nchi kwa nchi, jumla zaidi ya milioni 11, na lilihesabu hata nchi ambazo Wajerumani hawakuzitawala. Mbele ya Estonia hapakuwa na idadi. Waliandika kwamba huko Wayahudi wamekwisha. Elimu ninaipenda, nimeila na kuivaa, lakini sitawadanganya kwamba peke yake inatosha kumfanya mtu awe mwema.

Wengi hudhani watu wote waliuawa kwa gesi. Zaidi ya milioni moja waliuawa kwa risasi, kwenye mashimo, karibu na nyumba zao. Kyiv, kwenye bonde la Babi Yar, tarehe 29 na 30 Septemba 1941, Wajerumani wenyewe waliripoti watu 33,771 kwa siku mbili. Ofisa mmoja aliyeitwa Karl Jäger aliandika ripoti ya kurasa chache kuhusu Lithuania, ya tarehe 1 Desemba 1941. Imepigwa taipu kwa mpangilio: tarehe, mahali, wanaume, wanawake, watoto, jumla. Kaunas, 29 Oktoba: wanaume 2,007, wanawake 2,920, watoto 4,273. Mwishoni anajumlisha: 137,346. Wengi wa waliomsaidia kushika bunduki walikuwa wenyeji wa hukohuko. Nilipoisoma mara ya kwanza kilichonisumbua zaidi ni jinsi hesabu zilivyopangwa vizuri, kama daftari la duka.

Sasa mtasema: walilazimishwa, wangekataa wangeuawa wao. Hapo ndipo somo linapouma. Tarehe 13 Julai 1942 Kikosi cha Polisi cha Akiba namba 101, watu wapatao 500 kutoka Hamburg, kilifika kijiji cha Józefów nchini Poland. Walikuwa watu wazima, wengi na familia zao, madereva, wapakuzi wa bandarini, makarani, wachuuzi. Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, aliwaeleza kazi iliyopo: kuwapiga risasi wanawake, watoto na wazee. Kisha, huku machozi yakimlenga, akawaambia asiyejiweza kwa kazi hiyo ajitoe. Walijitoa kama kumi na mbili. Wengine waliteleza baadaye wakajificha kwenye malori au nyuma ya nyumba, wala hakuna aliyeuawa kwa kujitoa. Waliobaki, walio wengi, walipiga risasi tangu asubuhi hadi usiku, na Wayahudi kiasi cha 1,500 wakafa. Mwanahistoria Christopher Browning alichimba maelezo yao kwenye mafaili ya waendesha mashtaka, na alichokikuta si watu waliorukwa na akili. Wengi hawakutaka kuonekana waoga mbele ya wenzao. Katika kesi zote za baada ya vita, mawakili wa watuhumiwa hawakuweza kuleta hata tukio moja la Mjerumani aliyeuawa kwa kukataa kuua raia Wayahudi.

Wanangu, kuona aibu mbele ya wenzako mnaijua. Mnaijua kijiweni, mnaijua kwenye maandamano, mnaijua kundi linapomkimbiza mtu barabarani likipiga kelele za mwizi.

Walikuwepo waliokataa, nao muwasome, ila msianze nao kwa kutafuta faraja. Oktoba 1943 watu wa Denmark waliwavusha Wayahudi zaidi ya 7,000 kwenda Sweden kwa mashua za uvuvi, baada ya ofisa Mjerumani, Georg Duckwitz, kuvujisha siri ya msako. Nchini Albania, familia za Kiislamu na za Kikristo ziliwaficha wageni Wayahudi kama mtu anavyomficha ndugu yake, na nchi ile ikamaliza vita ikiwa na Wayahudi wengi kuliko ilioanza nao. Katikati ya Berlin, daktari Mmisri, Mohamed Helmy, Mwislamu aliyekuwa mwenyewe amebaguliwa na Wanazi, alimficha msichana wa Kiyahudi mpaka vita vikaisha. Hao wote walikuwa na kisingizio cha kunyamaza, nao hawakukitumia.

Mpaka hapa nimewaeleza waliouawa kama idadi. Hilo ni kosa la vitabu vingi, nami sitaki mlirithi. Wayahudi wa Ulaya waliandika. Waliandika wakifa njaa, waliandika wakijua hawataishi, na waliandika makusudi ili watu ambao hawajazaliwa waje kusoma.

Warsaw kulikuwa na mwalimu wa historia wa sekondari, Emanuel Ringelblum. Novemba 1940 Wajerumani walipofunga gheto la Warsaw kwa ukuta, zaidi ya watu 400,000 walibanwa ndani ya mitaa michache, na kufikia katikati ya 1942 wapatao 83,000 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi. Ringelblum alikusanya wenzake kadhaa: walimu, waandishi, marabi, wachumi, watu kama 60 hivi. Walikutana Jumamosi, na kwa sababu hiyo wakajiita Oyneg Shabes, furaha ya Sabato. Kazi yao ilikuwa kukusanya kila kitu. Shajara, insha za watoto wa shule, kadi za mgawo wa mkate, matangazo ya ukutani, tiketi za tramu, karatasi za pipi. Waliandaa maswali, wakawahoji wakimbizi waliofurika kutoka vijijini, wakalinganisha majibu. Mapema mwaka 1942 alifika kwao kijana aliyetoroka Chełmno, mahali watu walipouawa kwa moshi ndani ya magari yaliyofungwa. Walimhoji, wakaandika, na taarifa hizo zikapenyezwa hadi London kupitia upinzani wa Kipoland.

Ninalotaka mlishike kutoka kwa mwalimu huyu ni ukweli wake. Aliagiza yaandikwe yote, na yale ya kuaibisha: polisi wa Kiyahudi waliowakamata ndugu zao, matajiri waliokula wakati ombaomba wanakufa mlangoni, walanguzi, rushwa ya kamati. Aliona kwamba kumbukumbu iliyofanyiwa usafi haitaaminika kesho. Mtu anayekufa hana deni la kuwa malaika ndipo kifo chake kihesabiwe dhuluma.

Julai 22, 1942 ulianza uhamisho mkubwa, treni baada ya treni kwenda Treblinka. Kufikia Septemba zaidi ya robo milioni ya watu wa gheto walikuwa wamekwenda. Katikati ya msako huo, mwanzoni mwa Agosti, mwalimu Israel Lichtensztajn na wanafunzi wake wawili wa zamani, Dawid Graber mwenye miaka 19 na Nahum Grzywacz mwenye miaka 18, walizika masanduku 10 ya bati kwenye chumba cha chini cha shule, mtaa wa Nowolipki. Kila mmoja wao aliongeza wosia wake mfupi ndani. Hawa ni wenzenu wa kidato cha sita. Baadaye sehemu ya pili ilizikwa ndani ya makopo makubwa ya maziwa. Machi 1944 Wajerumani waligundua handaki alimojificha Ringelblum na mkewe Yehudit na mtoto wao Uri. Wakapigwa risasi pamoja na wengine waliokuwa nao. Katika kundi zima walisalia watatu tu. Hao ndio waliosisitiza pachimbwe kwenye vifusi, na Septemba 1946 yakapatikana masanduku, Desemba 1950 makopo mawili ya maziwa. Sehemu ya tatu haijaonekana mpaka leo. Kilichopatikana ni maelfu kwa maelfu ya kurasa, na UNESCO imeziweka kwenye orodha ya kumbukumbu ya dunia.

Kwa hiyo mtu akikutumia klipu ya kukuambia Holokosti, yaani mauaji haya, haikutokea, ujue anashindana na kalamu ya Graber wa miaka 19. Sisemi umtukane. Nasema umdai ushahidi, na ukidai, udai kama wanahistoria wanavyodai.

Kesi ya kujifunzia ipo. Mwandishi Mwingereza David Irving alimshtaki profesa Deborah Lipstadt wa Marekani katika Mahakama Kuu ya London kwa kumwita mkana Holokosti. Kwa sheria ya Uingereza, mzigo ulikuwa kwa Lipstadt kuthibitisha. Upande wake ulimwajiri mwanahistoria Richard Evans wa Cambridge, naye na wasaidizi wake wakafanya kazi isiyo na mbwembwe: walichukua tanbihi za Irving, moja moja, wakarudi kwenye nyaraka za Kijerumani alizozitaja, wakalinganisha neno kwa neno. Ripoti yao ilizidi kurasa 700. Waliona kwamba penye tarehe iliyosogezwa, neno lililodondoshwa au shahidi aliyeachwa, kosa lilikuwa likimsaidia Hitler. Mtu anayekosea kwa bahati mbaya hukosea huku na huku. Tarehe 11 Aprili 2000 Jaji Charles Gray aliamua kwamba Irving alipotosha ushahidi kwa makusudi, kwa sababu za itikadi yake. Fanyeni hivyohivyo na kila mnachotumiwa: chukueni dai moja, mlifuate mpaka kwenye karatasi lilikotoka.

Karatasi zenyewe zipo nyingi mno. Ipo simu ya maandishi ya ofisa wa SS Hermann Höfle, ya Januari 1943, ambayo Waingereza waliinasa wakati wa vita bila kutambua uzito wake. Ilikuja kutambuliwa kwenye nyaraka zao mwaka 2000. Inataja waliofikishwa katika kambi nne za Poland hadi mwisho wa 1942: 1,274,166. Hiyo ni idadi ya muuaji mwenyewe, aliyoituma kwa maofisa wenzake wa SS.

Na hapa niseme jambo ambalo najua linawachoma wengi. Mnaona picha za Gaza, mnalia, mnakasirika. Kulia kwenu ni utu, wala sitawaambia mnyamaze. Serikali ya Israeli ihojiwe kama serikali nyingine yoyote inavyohojiwa, kwa sheria na kwa ushahidi. Lakini mtoto wa Kaunas aliyeandikwa kwenye safu ya watoto ya ripoti ya Jäger hakumkosea Mpalestina kitu. Ukikana kifo chake ili uupe nguvu uchungu wako wa leo, humsaidii mtoto wa Gaza hata kidogo. Unajiunga tu na waliosema watoto wengine hawahesabiki. Na wale wanaolitumia jina la wafu wa kambi ya Auschwitz kuziba mdomo wa kila anayehoji, nao wanawakosea wafu hao.

Mmeniuliza yanatuhusu nini. Haya, sikilizeni.

Mnaomsifu Hitler kwa kupigana na mkoloni, mjue Wanazi walikuwa na ofisi kamili ya kupanga kurudishiwa makoloni ya Afrika, ikiongozwa na Franz Ritter von Epp, mkongwe wa vita dhidi ya Waherero wa Namibia. Walishaandaa hata rasimu ya sheria ya ubaguzi ya kutumika huku. Juni 1940, huko Chasselay karibu na Lyon, wanajeshi Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliokwisha kusalimu amri walitengwa na wenzao Wazungu wakauawa kwa bunduki za rashasha. Huo ndio ukombozi aliokuwa nao mfukoni.

Kuna mtu wa Dar es Salaam ndani ya historia hii. Alizaliwa mwaka 1904 akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed, mtoto wa askari, naye akaingia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto katika Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai malimbikizo ya mshahara wa babake na wake mwenyewe. Wizara ikamjibu kuwa amechelewa. Akabaki, akijulikana kama Bayume Mohamed Husen: mhudumu wa mgahawa, mwigizaji wa filamu, na msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuoni. Ndiyo, lugha hii hii. Aliigiza hata kwenye filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1941 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Leo Berlin kuna jiwe dogo la shaba njiani, mbele ya alipokuwa akiishi, lenye jina lake. Wangapi kati yenu mmewahi kulisikia hapa nyumbani?

Na fikra zenyewe zilifanyiwa mazoezi Afrika. Jenerali Lothar von Trotha, aliyewahi kuongoza jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki, ndiye aliyetoa amri ya Oktoba 1904 kule Namibia kwamba kila Mherero ndani ya mipaka ya Wajerumani, mwenye silaha au asiye nayo, apigwe risasi. Mwaka 1908 daktari Eugen Fischer alikwenda Rehoboth, hukohuko Namibia, kupima vichwa na nywele za watu wa damu mchanganyiko. Kwa utafiti huo akajipatia jina, na mwaka 1927 akawa mkurugenzi wa taasisi kubwa ya elimu ya mbari mjini Berlin. Wataalamu wa taasisi hiyo walishiriki mwaka 1937 kuwahasi kwa siri mamia ya watoto ambao wanawake wa Kijerumani walizaa na askari wa kutoka makoloni ya Ufaransa. Baadaye, chini ya mrithi wake, taasisi hiyohiyo ilipokea damu na macho ya watu kutoka kwa daktari Mengele wa kambi ya Auschwitz. Sisemi njia ilinyooka kutoka Namibia hadi Poland. Wanahistoria bado wanalijadili. Nasema waliotembea kote kuwili walikuwepo, wenye majina na vyeo.

Msishindanishe misiba. Mtu akisema “mbona hamsemi Maji Maji?”, mwambieni tunasema, na Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha kwa sababu kuna watu hawakuacha kusema. Kuusoma msiba wa Myahudi hakukupunguzii chako. Mimi nimeona kinyume chake: mwanafunzi aliyesoma vizuri kuhusu gheto la Warsaw ndiye aliyeniuliza maswali makali zaidi kuhusu njaa ya Ungoni iliyofuata Maji Maji.

Kisha ipo Rwanda. Kadi za utambulisho zenye kabila ziliwekwa na Wabelgiji miaka ya 1930. Mwaka 1994 zikawa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Redio iliwaita Watutsi mende kwa miezi kadhaa kabla ya panga la kwanza. Kwa siku 100 zikapotea roho kati ya laki nane na milioni moja, na mito ikaleta maiti mpaka Ziwa Viktoria, tukaziona kwa macho yetu. Mahakama ya kuwashtaki wakubwa wa mauaji hayo ikawekwa Arusha. Hapo, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu akawa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, chini ya mkataba uliopitishwa Desemba 1948 kwa jitihada za Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland ambaye jamaa zake 49 waliangamizwa.

Akayesu alikuwa nani? Alikuwa mwalimu. Kisha mkaguzi wa shule. Kisha mkuu wa komuni ya Taba. Siku za mwanzo za mauaji alijaribu kuyazuia katika eneo lake. Tarehe 18 Aprili akahudhuria mkutano wa viongozi wa serikali, na kuanzia hapo akabadilika. Mahakama iliona kwamba Watutsi wasiopungua 2,000 waliuawa Taba naye akiwa madarakani.

Kumbukumbu za mahakama ile zimehifadhiwa Arusha, na hukumu yenyewe inapatikana bure mtandaoni. Ifungueni kwenye sehemu ya tarehe 18 Aprili. Someni mashahidi wanavyoeleza alichokuwa akifanya juma moja kabla, na alichofanya juma moja baada, kisha njooni tuzungumze.